Baiskeli ya Mzee Mjini Brussels: Itambue Kwanza, Ndipo Uikarabati

Katika kituo cha metro cha Eddy Merckx, eneo la Anderlecht, ipo baiskeli iliyowekwa ndani ya kabati la kioo. Ndiyo aliyoipanda Merckx tarehe 25 Oktoba 1972 jijini Mexico, alipoweka rekodi ya dunia ya saa moja kwa kuendesha kilomita 49.431. Aliyeiunda anajulikana, ni Mwitaliano Ernesto Colnago. Siku yake inajulikana na kazi yake inajulikana. Baiskeli ya familia haina bahati hiyo. Imekaa miaka mingi katika stoo ya chini ya nyumba, huko Ixelles au Schaerbeek, risiti ilishapotea, na mzee aliyeinunua ama ametangulia mbele ya haki ama hakumbuki tena ilikuwa mwaka gani. Historia yake yote imebaki mwilini mwake: kwenye chuma, rangi, mikwaruzo na namba zilizogongwa hapa na pale.

Kwa hiyo swali la kuifanyia nini baiskeli ya namna hiyo ni zito kuliko linavyoonekana. Wapo wanaoitupa. Wapo wanaoiuza kwa bei ya chuma chakavu. Wapo pia wenye nia njema kabisa, ambao hununua msasa na kopo la rangi na kuianza kazi Jumamosi asubuhi. Kutu huila baiskeli taratibu kwa miongo kadhaa. Msasa hufuta ushahidi wa miaka 60 kwa mchana mmoja. Msimamo wa makala hii ni kwamba utambuzi ni nusu ya ukarabati wenyewe, kwa kuwa ndio unaoamua kipi kibaki, kipi kibadilishwe na kipi kisiguswe kabisa.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili wa Brussels, ambao wengi wao asili yao ni Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura. Baiskeli ya zamani huwafikia kwa njia tatu. Pengine baba au babu aliinunua alipokuja kusoma. Pengine imetoka kwa wakwe wa Kibelgiji. Au mtu aliiona katika soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, ambalo limekuwapo hapo tangu mwaka 1873, akaikumbuka ile ya nyumbani. Kila njia ina maswali yake, lakini utaratibu wa kuyajibu ni mmoja.

Nembo ni mwanzo tu

Jicho hukimbilia nembo ya mbele, chini ya usukani, na ni mahali pazuri pa kuanzia. FN, kiwanda cha silaha kilichoanzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na Liège, kiliweka kwenye nembo yake bunduki pamoja na pedali. BSA ya Birmingham ilitumia bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Undugu huo wa bunduki na baiskeli una sababu: mwenye mashine za kuchonga mtutu kwa usahihi alikuwa na uwezo wa kutengeneza mirija, habu (vitovu vya magurudumu) na vipuri vinavyolingana kimoja na kingine, na oda za jeshi zilipopungua, baiskeli iliziweka mashine hizo kazini.

Minerva ya Antwerp nayo ilianza na baiskeli kabla ya kuhamia kwenye pikipiki na magari. Flandria ya Zedelgem, mkoani West Flanders, ilikuwa mali ya ukoo wa Claeys. Ndugu wawili, Aimé na Remi, walifarakana, na mwaka 1956 ukuta ukajengwa katikati ya kiwanda. Upande wa Aimé uliendelea kuitwa Flandria hadi ulipofilisika mwaka 1981. Upande wa Remi ukawa Superia. Anayekuta majina hayo mawili kwenye fremu zinazofanana asishangae, kwa sababu ni kazi za ukoo mmoja.

Hata hivyo, nembo humtaja aliyeuza, na fremu ndiyo humtaja aliyetengeneza. Raleigh ya Nottingham, iliyoanza mwaka 1887, iliinunua Humber mwaka 1932, ikaichukua Rudge mwaka 1943, ikainunua BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 ikaunganishwa na kampuni zilizomiliki Phillips na Hercules. Humber ya miaka ya 1950, pamoja na foki yake maarufu yenye mirija miwili kila upande, ni Raleigh katika mambo mengi ya ndani. Ubelgiji kulikuwa pia na maduka yaliyonunua fremu tupu kutoka viwandani, yakazifunga vipuri na kuzibandika jina la duka. Kwa hiyo jina usilolikuta katika kitabu chochote huenda ni la fundi wa mtaani aliyeiunganisha. Jina hilo lina thamani zaidi kwa familia kuliko la kiwanda kikubwa, maana linakuambia mzee alinunulia mtaa gani.

Tarehe tatu zisizolingana

Watu huuliza: ni ya mwaka gani? Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu baiskeli iliyotumika kweli hubeba tarehe zaidi ya moja.

Ya kwanza iko kwenye habu. Futa grisi iliyoganda kwenye habu ya nyuma, umulike kwa tochi. Kama ni Sturmey-Archer ya gia tatu, modeli ya AW iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, mara nyingi utakuta herufi hizo zikifuatwa na namba mbili na pengine ya tatu. AW 62 5 maana yake habu ilitoka kiwandani Mei 1962. Hakuna ushahidi ulio rahisi kusomeka kama huo. Lakini hiyo ni tarehe ya habu peke yake. Magurudumu hupinda na hubadilishwa, na habu inaweza kuwa changa kuliko fremu kwa miaka kumi au zaidi.

Ya pili ni kibati cha kodi. Tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1980, mikoa ya Ubelgiji ilitoza kodi ya baiskeli, na aliyelipa alipewa kibati cha kufunga kwenye baiskeli kikiwa na jina la mkoa au ufupisho wake, mwaka na namba. Brussels ilikuwa sehemu ya mkoa wa Brabant, uliokuja kugawanywa mwaka 1995. Kibati hakisemi baiskeli ilitengenezwa lini. Kinasema kwamba mwaka ule ilikuwa barabarani, na kwamba mwenyewe alikuwa mkazi wa mkoa ule. Kwa familia inayotaka kujua mzee alihama lini kutoka Liège kuja Brussels, kipande hicho kidogo cha bati kinaweza kusema kuliko barua.

Ya tatu ni ya fremu yenyewe. Namba yake hupatikana chini ya kiti, chini ya ekseli ya pedali, au kwenye ncha ya nyuma, pale gurudumu linaposhikwa. Iandike jinsi ilivyo, lakini usiitegemee peke yake. Namba za Raleigh, kwa mfano, hazikufuata mfululizo mmoja ulionyooka, na namba inayofanana na ya mwaka fulani inaweza kuwa ya mwaka mwingine kabisa. Namba hupata nguvu inapokubaliana na umbo la fremu, aina ya ringi na kiti.

Tuseme umbo la fremu ni la miaka ya 1950, habu ni ya 1962 na kibati ni cha 1971. Kwa mfanyabiashara tofauti hizo hushusha bei. Kwa familia zinaeleza maisha: baiskeli ilinunuliwa, gurudumu likaharibika likabadilishwa, na mwaka 1971 bado ilikuwa inaendeshwa na kulipiwa kodi. Hapo ndipo pa kumwendea mzee kama bado yupo. Swali la mwaka halimsaidii sana. Swali la mahali humfungua: “Baba, ulipokuwa ukiipanda kwenda kazini, tulikuwa tunakaa mtaa gani?” Albamu ya picha nayo ipekuliwe, na asitazamwe mtu tu, itazamwe pia keria iliyo nyuma ya mama, kiti cha mtoto kilichofungwa juu yake, na taa.

Tairi na habari ya Kongo

Tairi ndilo la kwanza kubadilishwa, kwa kuwa mpira wa miaka mingi hupasuka hata ukionekana mzima. Vipimo vilivyoandikwa kwa inchi vinadanganya: matairi mawili yote yakiitwa “28” yanaweza yasiingie kwenye ringi moja. Kipimo cha kuamini ni kile cha milimita, yaani kipenyo cha pale tairi linapokalia. Baiskeli kubwa za Kiingereza na za Kiholanzi zenye breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fito badala ya waya, hutumia 635. Nyingi za kawaida za bara la Ulaya ni 622. Za Kifaransa za kutembelea ni 584, na za Kiingereza za inchi 26 ni 590. Isome ringi kabla ya kununua.

Mjini Brussels, tairi lina habari nyingine ambayo mtambuzi wa kweli hairuki. Dunlop alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888, na katika miaka ya 1890 Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli. Mpira ulitoka misituni, na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908, ilikuwa miongoni mwa machimbuko yake makubwa. Wanavijiji walipangiwa viwango vya utomvu wa kukusanya. Waliposhindwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa moto na watu walikatwa mikono. Tao la Cinquantenaire, lililozinduliwa mwaka 1905 na ambalo waendesha baiskeli wa leo hulipita kila asubuhi, lilijengwa kwa fedha zilizotokana na Kongo.

Baiskeli ya miaka ya 1950 haikuvaa mpira ule, kwani wakati huo mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki yalikwisha kulichukua soko. Lakini ukikuta FN au Minerva iliyotengenezwa kabla ya 1908, ujue matairi yake ya kwanza huenda yalitokana na mpira ule. Mjukuu wa mtu wa Équateur au Kasai anayeikarabati baiskeli hiyo leo ana haki ya kuyaandika hayo katika historia yake pamoja na jina la kiwanda.

Mahali ukarabati unapofia

Baiskeli nyingi nzuri huharibikia mikononi mwa mtu mwenye nguvu asiyejua aina ya nyuzi. Kwenye fremu za Kiingereza, kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Kwenye fremu za Kifaransa hufunguliwa kinyume chake. Ubelgiji iko katikati ya dunia hizo mbili, na viwanda vyake vilitumia nyuzi za aina zote mbili. Vilitumia pia mfumo wa Thompson, ambao vikombe vyake havina nyuzi kabisa. Hugongewa tu ndani ya fremu. Pedali za Kifaransa zina kipenyo cha milimita 14, wakati za Kiingereza ni sehemu 9 za 16 za inchi. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba spana ndefu inaweza kuilazimisha moja iingie, na krenki iharibike moja kwa moja. Hata Raleigh ilikuwa na nyuzi zake, 26 kwa inchi, wakati wenzake Waingereza walitumia 24.

Kisha kuna kotapini, kile kipande cha chuma kinachoshikilia krenki kwenye ekseli. Za Kiingereza ni milimita 9.5, za Kifaransa ni 9. Hapa ndipo nyundo hufanya madhara makubwa. Kila pigo linalokosa egemeo hupita kwenye ekseli na kuzigongesha gololi kwenye vikombe, na vikombe hubaki na vishimo visivyotoka. Njia salama ni hii: tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ncha zote mbili, uache siku mbili au tatu. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini ili nyuzi zilindwe. Weka soketi upande wa pili ili pini ipate pa kutokea, kisha uibane kwa jiliwa au kibano imara, taratibu. Ikitoka, hutoa mlio mkali kama wa ufa wa mti. Ikigoma kabisa, itobolewe kwa drili. Pini mpya ni ya bei ndogo, ekseli ya zamani haipatikani kirahisi.

Kutu, rangi na kishawishi cha upya

Wanaopenda baiskeli za kale wamegawanyika. Kundi moja hutaka ing’ae kama siku ilipotoka dukani: rangi yote ibanduliwe, kromu ipakwe upya, nembo mpya zibandikwe. Kundi la pili hutaka uso wa asili ubaki pamoja na makovu yake. Kundi la kwanza lina hoja pale fremu ilipoliwa na kutu hadi chuma kukonda, au pale mtu alipokwisha kuipaka rangi ya mlango miaka ya nyuma. Mbali na hapo, kwa baiskeli ya familia, naliunga mkono kundi la pili bila kusita. Mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono na nembo za kubandika hazirudi zikishafutwa. Na ule mkwaruzo kwenye mrija wa juu, pale mama alipokuwa akiiegemeza ukutani kila jioni, hakuna fundi anayeweza kuutengeneza upya.

Kuhifadhi hakumaanishi kuacha uchafu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kutu ya juu kwenye kromu hutoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, bila msasa. Vipande vya chuma vilivyoliwa zaidi vinaweza kulowekwa kwenye maji yenye asidi ya oksaliki, katika chombo cha plastiki, kwa glavu na mahali penye hewa. Vya alumini visitiwe humo. Mwisho, paka nta ya gari. Kiti cha ngozi kama Brooks kipakwe mafuta yake maalumu kidogo tu, kwa kuwa ngozi iliyolowa mafuta hulegea na kuning’inia. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, hivyo usizipige msasa zikiwa kavu, hasa nyumba yenye watoto.

Fundi, vipuri na barabara

Brussels inamsaidia mwenye subira. Ateliers de la rue Voot, huko Woluwe-Saint-Lambert, ina karakana ambamo mtu huja na baiskeli yake akaitengeneza mwenyewe akielekezwa. Mikutano ya Repair Café hufanyika katika mitaa mingi. Maduka ya Les Petits Riens, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1937, pamoja na lile soko la Jeu de Balle, ni mahali pa kutafuta dainamo, kengele au kiti cha enzi ileile.

Lakini kwa baiskeli kubwa ya Kiingereza, ujuzi mkubwa hauko Ulaya. Kizazi baada ya kizazi, mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifungua na kufunga Raleigh, Humber, Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana, nyingi zikiwa za umbo lilelile la Kiingereza. Breki za vyuma ambazo fundi kijana wa Brussels hajawahi kuzishika, fundi wa chini ya mwembe anazirekebisha huku akizungumza na mteja mwingine. Fito, pini na matairi ya 635 yanayotafutwa hapa kwa kuagiza Uholanzi yapo Kariakoo, Dar es Salaam. Mtu anayekwenda likizo afanye hesabu hiyo, ila apime nyuzi kwanza. Na kama ana mjomba aliyekuwa fundi baiskeli, simu ya video mbele ya baiskeli ni msaada mkubwa kuliko vitabu vingi.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni breki. Mji huu una vilima na mvua nyingi, na breki ya kale kwenye ringi ya chuma iliyolowa hushika kidogo sana. Anayeteremka kutoka Place Royale atalijua hilo mapema. Breki za vyuma hubana upande wa ndani wa ringi, kwa hiyo huwezi kuweka ringi yoyote ya kisasa na kutegemea zifanye kazi. Suluhisho la heshima ni kutengeneza gurudumu jipya la mbele lenye breki ndani ya habu, na la asili likatunzwa stoo. Kila kinachoongezwa kiwe cha kuweza kuondolewa. Sheria ya Ubelgiji inataka breki mbili zinazofanya kazi, kengele inayosikika mita 20, viakisi, na taa wakati wa giza. Baiskeli ya kale haina msamaha.

Uamuzi

Si kila baiskeli irudi barabarani. Tazama chini ya mrija unaotoka kwenye kichwa cha fremu: rangi iliyojikunja au ufa mwembamba hapo ni dalili kwamba iliwahi kugonga kitu. Foki iliyopinda nyuma ni vilevile. Fremu ya namna hiyo ihifadhiwe kama kumbukumbu, isibebeshwe mtu. Iliyo nzima, hata ikionekana mbovu kiasi gani, inastahili kazi, na kazi hiyo ina mpangilio wake: kumbukumbu kwanza, usalama wa pili, mwendo wa tatu, uzuri mwisho. Anayeanza na uzuri hupata baiskeli inayong’aa isiyo ya mtu yeyote.

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Kabla hujashika spana, piga picha kila upande, andika namba ya fremu, ya habu na ya kibati, na mwite mzee aseme anachokumbuka huku simu ikirekodi. Kisha iandikishe katika mfumo wa kusajili baiskeli wa MyBike, upewe stika yake, ili atakayeirithi aikute ikiwa na jina, tarehe na mwenyewe. Fanya hivyo wiki hii. Chuma kitasubiri, mzee huenda asisubiri.